Bawa Lililosimamisha Mtaa

Siku bawa lilipopita mtaani, saluni ilibaki na wateja waliosukwa nusu kichwa. Msusi alitoka mbio, kitana mkononi, gauni lake la njano limejaa nyuzi za nywele za bandia. Juu ya trela kulilala kitu cheupe, laini, kirefu kupita maduka ishirini. Kilikwama kwenye kona, karibu kung'oa bango la saluni yake. Mtaa mzima ulitoka kukitazama.

"Dada, bango lako hili?" Aliyeuliza alikuwa kijana mwembamba mwenye ovaroli ya bluu. Alikuwa akitembea nyuma ya trela, akiyaongoza magurudumu yake kwa rimoti.

"Langu. Na hilo dubwana ni la nani?"

"La mtambo wa umeme wa upepo, kule kilimani. Hilo ni bawa moja tu. Yako matatu."

"Acha utani!"

"Nitanie na jua hili? Nisaidie kushusha bango, nitalirudisha mwenyewe."

Alilirudisha jioni ileile. Kesho yake akapiga simu kuuliza kama limekaa sawa. Kesho kutwa, tena.

"Bango halijambo, Rimoti," Msusi alicheka, akimwita kwa jina alilombandika. "Mwenye bango je, humuulizi?"

Wakapendana. Lakini mtaa haukuitaka mitambo ile. Ilisemekana ingefukuza mvua. Msemaji wa wapinzani alikuwa baba yake Msusi, mwashi mstaafu. Kwenye mkutano, meneja wa mradi akasimama akitabasamu: "Mzee, mbona binti yako yuko upande wetu? Muulize huyu kijana wetu, mchumba wake."

Watu wote wakageuka. Baba aliinamisha kichwa. Msusi akatoka, masikio yakiwaka kwa aibu.

"Kumbe nilikuwa sehemu ya kazi?" alimwambia Rimoti kwenye simu.

"Mpenzi, nilimwambia bosi nakupenda, basi. Hayo mengine kajitungia."

Msusi akakata simu.

Wiki tatu baadaye Rimoti alibisha hodi kwa baba.

"Shikamoo, mzee. Sikuja kukushawishi. Wewe ni mwashi. Naomba ukakague msingi wa mnara wetu."

"Marahaba," mzee alijibu. Akamwita binti yake amshike mkono kupanda kilima.

Mzee aliuzunguka msingi, akaugonga, akaulizia kina chake, nondo zake. Kisha akainua macho kuufuata mnara hadi shingo ikagoma. Upepo ukaja. Mabawa yakaanza kuzunguka polepole, makubwa kupita akili, vivuli vyake vikiwapitia usoni. Mzee akavua kofia bila kujua.

"Na mvua?" mzee aliuliza.

"Nimefanya kazi chini ya mitambo kama hii kwingine miaka sita, mzee. Kila msimu nalowa."

Mzee akaguna. "Maswali bado ninayo." Lakini hakuyaondoa macho juu.

Msusi akamsogelea Rimoti. "Bosi wako ulimwambia unanipenda. Baba yangu umemwambia?"

Rimoti akamgeukia baba. "Mzee, naomba kumuoa binti yako."

"Sema kwa sauti, kijana, upepo mwingi!"

Akapaza sauti hadi mafundi wote wakaacha nyundo zao.