Laina Iliyopigwa Tupa

Mramba wa Mkongani alikuwa seremala, na seremala mwenye jina. Mlango wake ukifungwa, hata sisimizi alitafuta njia nyingine. Kila alipomaliza kazi, alifumba macho akapitisha ukucha pale mbao mbili zilipokutana. Ukucha ukikwama, alirudia kupiga randa. Ukipita bila kukwama, aliagiza chai.

Nyumbani kwake kulikuwa na trekta jekundu, kuukuu kuliko Mramba mwenyewe. Mkewe, Kadzo, alilirithi kwa marehemu baba yake. Trekta hilo lililima shamba lao na mashamba ya majirani kumi na watatu. Majembe ya mkono yalikuwa yamelala darini miaka mingi.

Mwaka uliopita trekta lilianza kukohoa moshi. Mramba alilifungua mwenyewe. Alikwenda Ukunda kwa Mbarak, muuza vipuri, akanunua laina mpya. Laina ni bomba fupi la chuma ndani ya injini. Pistoni hupanda na kushuka humo, na maji ya kupoza injini huizunguka kwa nje. Mramba alizitia laina hizo, lakini trekta halikumaliza msimu. Lilichemka, likazimika, likachemka tena. Mvua ikawakuta hawajalima. Watu walipanda kwa kuchelewa, na mahindi yakakauka yangali machanga.

Mramba alirudi Ukunda amefura kwa hasira. Akamwambia Mbarak mbele ya wateja, "Wewe wauza laina bandia! Umetutia njaa!"

Sasa mwezi wa Machi ulikuwa umefika, na mvua za mwaka zilikuwa karibu. Asubuhi moja Kadzo alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama, akaguna.

"Baba Ziro, njoo uone. Hii ni oili au ni chai ya maziwa?"

Mramba aliitazama. Oili ilikuwa nyeupe, nzito.

"Maji yameingia," alisema. "Nitalifungua tena."

"Hutalifungua," Kadzo alisema. "Mwaka jana ulilifungua, tukala tulichokopa kwa ndugu zangu. Mwaka huu namwita Bi Mwanatumu."

Bi Mwanatumu alikuwa fundi wa matrekta kutoka Msambweni. Alijifunza kazi kwa baba yake, katika mashamba ya miwa, na sasa mvi zilikuwa zimemjaa chini ya mtandio. Alifika siku ya pili na mkoba wake wa spana.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu. Shikamoo, Bi Mwanatumu."

"Marahaba. Hamjambo hapa?"

"Sisi hatujambo," Kadzo alijibu. "Mgonjwa wetu ni yule pale."

Walimwaga maji na oili, wakaondoa kichwa cha injini. Bi Mwanatumu aliinama juu ya bloku, yaani lile pande kubwa la chuma linaloshika laina. Alipapasa midomo ya laina kwa kidole, moja moja. Kisha akanyoosha mgongo.

"Laina hizi nani amezipiga tupa?"

Mramba aliwatazama kuku. Alikumbuka vizuri. Mwaka jana, alipozitia, laina zilijitokeza kidogo juu ya bloku. Ukucha wake ulikwama. Kwa seremala hiyo ni aibu! Basi alichukua tupa, akazisugua mpaka zikawa sawa na bloku. Kisha akaagiza chai.

"Si unasikia, Baba Ziro?" Kadzo alisema kwa hamaki. "Mbarak alikuuzia laina zilizochezewa!"

Njia ya kuepuka aibu ilikuwa wazi. Mramba angenyamaza tu, na Mbarak angeendelea kubeba lawama.

"Kama zilipigwa tupa dukani, basi shida ni laina peke yake," Bi Mwanatumu alisema taratibu. "Lakini kama zilipigwa zikiwa humu ndani, huenda tupa imekula bloku pia. Bloku ikiliwa, laina mpya hazitafaa kitu. Siwezi kuanza kabla ya kujua."

Mramba alilitazama trekta. Bloku ikiharibika, trekta la mkwewe litakuwa chuma chakavu, na majirani watarudi kwenye majembe.

"Ni mimi," alisema. "Nilizipiga zikiwa humu ndani."

Kadzo alimgeukia. "Na Mbarak ulimtukana bure?"

"Bure."

Bi Mwanatumu hakucheka. "Mficha uchi hazai, bwana Mramba. Umesema, sasa twaweza kutibu."

Alisafisha uso wa bloku, akalaza rula ya chuma juu yake. Akajaribu kupenyeza bapa jembamba la kupimia chini ya rula, huku na huku. Kadzo alishika kiuno, akangoja.

"Mikwaruzo ipo," Bi Mwanatumu alisema mwishowe, "lakini haikuzama. Bloku ni nzima. Mungu amekusitiri."

Mramba alikaa chini pale pale.

"Sasa nieleze, Bi Mwanatumu," alisema. "Kosa langu ni nini hasa?"

"Kwenye mlango, kitu kikijitokeza ni kasoro. Kwenye injini hii, laina lazima ijitokeze. Juu yake hulala gasketi, kisha kichwa cha injini. Ukikaza bolti, mdomo wa laina huiuma gasketi, na maji hayapiti. Wewe uliusawazisha, ukaung'oa meno."

"Ijitokeze kiasi gani?"

"Kidogo sana, kama unene wa karatasi. Lakini usikadirie kwa jicho. Kila injini ina kipimo chake katika kitabu chake. Na laina zote zilingane."

Zilihitajika laina mpya. Injini ile ilikuwa ya zamani, na laina zake kwa Mbarak tu ndiko zilikopatikana. Mramba alifika dukani kukiwa na watu watano. Alitamani wangetoka kwanza. Halafu akajiambia kwamba matusi yake hayakusubiri watu watoke.

"Assalamu alaikum, Mbarak. Nilikutukana mbele ya watu. Nimekuja kukuomba radhi mbele ya watu. Laina zako zilikuwa nzuri, niliziharibu mimi kwa tupa."

Mbarak alivuta daftari lake la mauzo.

"Waalaikum salaam," alisema. "Wataka ngapi?"

"Nne. Na pete zake za mpira."

"Tupa sikuuzii," Mbarak alisema, na wote wakacheka, Mramba naye.

Siku iliyofuata Bi Mwanatumu alimwachia Mramba kazi, yeye akawa anaelekeza. Mramba alitoa bakuli la oili na pistoni, kisha laina kuukuu, akasugua kutu yote kwa brashi ya waya.

"Pale laina inapokalia pawe safi kabisa," Bi Mwanatumu alisema. "Punje moja ya kutu itaipandisha upande. Sasa itie bila pete, tupime."

Laina iliingia kwa mkono. Bi Mwanatumu alipima kwa rula na bapa, akatikisa kichwa kukubali. Wakaitoa, wakaivisha zile pete za mpira za kuzuia maji kwa chini.

"Pete zisijisokote. Usizipake grisi, mpira utavimba. Zipake maji ya sabuni."

Laina ya pili ilikuwa ngumu kidogo. Mkono wa Mramba ukatafuta nyundo.

"Weka chini! Ikikataa, itoe uangalie inakwama wapi. Laina haipigwi, yasukumwa."

Kweli, pete ilikuwa imejisokota. Mramba aliinyoosha, na laina ikashuka kwa viganja tu.

Zote zilipokaa na kupimwa, walijaza maji kuzunguka laina, wakatandika katoni kavu chini ya injini. Kesho yake katoni ilikuwa kavu bado. Ndipo waliporudisha pistoni, bakuli la oili, gasketi mpya na kichwa, wakakaza bolti kwa mpango na kipimo cha kitabu, wakatia oili mpya.

"Na maji ya kisima chenu yana chumvi, yanakula chuma," Bi Mwanatumu alionya. "Tieni maji ya mvua na dawa ya rejeta ya kuzuia kutu."

Trekta liliwaka na kunguruma bila moshi mweupe. Lilianza na shamba la Kadzo, likaenda kwa majirani, moja baada ya moja, wala halikuchemka. Shamba la kumi na nne, la mjane Jumwa, lilimalizika Jumamosi. Jumapili mvua ikaanza. Mwaka huo mbegu ziliingia ardhini kwa wakati, mashamba yote.

Wiki ile ile Randu wa Kinango alikuja kuomba msaada. Yeye pia alikuwa na trekta la zamani linalochemka.

"Nasikia wewe ndiye fundi," Randu alisema.

"Mimi ni seremala," Mramba alijibu. "Karibu kiti. Kwanza nikueleze nilivyoliharibu la kwetu."