Mkato wa Martina

Martina alikuwa uani akichuja asali pikipiki ngeni iliposimama mbele ya nyumba. Mwanamke mwenye baibui lililojaa vumbi alishuka. Alikuwa amekumbatia mkoba kifuani kama mtu aliyebeba mtoto.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Umepotea njia ya Itigi?"

"Sijapotea. Natafuta wenye asali ya Mitundu. Nimepiga simu mpaka nimechoka, haipatikani."

"Simu ya nyumba hii inapatikana juu ya kichuguu tu," alisema Martina. "Na mwenyewe leo hajapanda. Yeremia! Una mgeni!"

Yeremia, mwanawe, alikuja mbio, mikono imejaa nta. Mgeni alijitambulisha. Aliitwa Rukaya, mfanyabiashara wa Singida mjini. Alikuwa ameona kwenye mtandao tovuti ndogo ambayo Yeremia alifunguliwa na kijana mmoja pale Itigi.

Ilikuwa mwaka 2012. Wanunuzi binafsi walikuwa wengi vijijini. Walikuja na mapipa, wakachanganya asali ya kila mtu, wakaondoka. Jina la Mitundu, kijiji chao, lilizama ndani ya pipa. Yeremia alitaka asali yao iuzwe kwa jina lao na kwa chapa yao.

"Asali yenu nimeionja. Ni nzuri," alisema Rukaya. "Nataka kuipeleka Dodoma kwenye maonyesho ya Nane Nane. Banda letu litakuwa na skrini ndefu kumpita mtu. Lakini tazama chapa yenu."

Alitoa kompyuta mpakato kwenye mkoba, akafungua picha aliyoihifadhi kutoka kwenye tovuti. Ilikuwa picha ya mzinga wa gogo, wenye chapa iliyochomwa kwa chuma cha moto. Rukaya akaikuza. Mistari ya chapa ikavunjika, ikawa vipande vya mraba.

Martina aliinama kutazama. "Hii ni chapa yetu, au ni ukuta wa choo cha shule?"

Rukaya alicheka, kisha akasema kwa upole, "Mama, siwezi kuiweka hii kwenye skrini. Na ukurasa wenyewe ni mzito, unafunguka polepole mno. Wateja wanakata tamaa. Nileteeni chapa safi kabla ya maonyesho. Msipoweza, itanibidi nichukue asali ya watu wengine."

Alipoondoka, Martina alimpeleka Yeremia kwenye mzinga wa zamani uliolala nyuma ya nyumba. Chapa yake ilikuwa pinde mbili zinazotazamana, na mstari katikati. Chini ya mstari palikuwa na mkato mdogo.

"Pinde ni za baba yako," alisema. "Alipofariki, ndugu zake walisema mwanamke hafugi nyuki. Wakataka mizinga. Nikapasha chuma, nikaongeza mkato wangu kwenye kila mzinga. Huo mkato usipotee huko kwenye kompyuta."

"Hautapotea, mama. Naahidi."

Kesho yake Yeremia alipanda basi kwenda Itigi. Kule kulikuwa na chumba cha intaneti karibu na stesheni ya reli. Mhudumu wake, Faith, alikuwa binti mcheshi aliyesomea uchoraji wa kompyuta.

"Picha yako ni ya nukta," Faith alieleza. "Umewahi kuona uwele umeanikwa kwenye mkeka? Ukiwa mbali unaona rangi moja. Ukisogea unaona punje. Picha ya kamera ni hivyo hivyo. Ukiikuza, punje haziongezeki. Kila punje inanenepa tu."

"Sasa dawa yake nini?"

"Picha ya vekta. Hii haihifadhi punje. Inahifadhi maelekezo: anza hapa, nenda pale, pinda hivi. Kompyuta inachora upya kila mara, kwa ukubwa wowote unaoutaka. Baba yako alichomaje chapa kwenye mzinga mdogo na mkubwa?"

"Aliijua. Mkono ulikwenda wenyewe."

"Hiyo ndiyo vekta!" Faith alipiga meza. "Hakubeba chapa ya zamani akaivuta kama mpira. Alichora upya."

Akaweka ile picha kwenye skrini, akapitisha mistari juu yake. Chapa ikatokea, nyeusi na kali. Akaikuza mpaka upinde mmoja ukajaza skrini. Haukuvunjika. Akaandika neno moja, chapa ikageuka rangi ya asali. Faili lake lilikuwa dogo kuliko lile la picha kwa mbali sana, hata kwa mtandao dhaifu lingefunguka haraka.

Yeremia alisimama kwa furaha. "Basi geuza kila kitu! Na hii picha ya mama akirina asali!"

"Nitageuza, ujionee mwenyewe."

Kompyuta ilifikiri kwa muda mrefu. Uso wa Martina ulirudi umekatwa vipande vingi vya rangi, na faili lilikuwa zito kuliko picha ya mwanzo.

"Mama akiona hii atanifukuza nyumbani," alisema Yeremia.

"Na atakuwa na haki. Uso una rangi nyingi zinazoingiliana, kwa hiyo maelekezo yanakuwa maelfu. Picha za watu na mandhari ziache ziwe za nukta, tutazipunguza ukubwa tu. Vekta ni ya chapa, ramani, michoro na herufi."

"Ina ubaya mwingine?"

"Kompyuta zenye programu za zamani haziwezi kuionyesha. Mteja ataona pengo tupu. Kwa hiyo tunaweka na chapa ya nukta ya akiba, ichukue nafasi pale vekta inapokwama. Na usiweke kwenye tovuti faili la vekta ulilopewa na mtu usiyemjua. Linaweza kuwa na amri mbaya zilizofichwa ndani."

Yeremia alirudi nyumbani akiimba. Rukaya alitumiwa chapa, akaisifu, akachapisha lebo za chupa na kuzituma kwa basi.

Martina alichukua lebo ya kwanza. Aliitazama, akaibandika kwenye chupa, akachukua ya pili. Yeremia alijua kuwa mama yake si mtu wa kukaa kimya akifurahi. Alichukua lebo moja, akaipeleka kwenye mzinga nyuma ya nyumba.

Mkato haukuwapo.

Alikimbia mpaka kichuguuni, akampigia Faith.

"Kwenye picha yako palikuwa na ukungu tu pale chini," alisema Faith. "Sikuona mkato. Vekta haibuni kitu, Yeremia. Inatii mkono wa mchoraji. Kuongeza mstari ni kazi ndogo sana. Nitaunenepesha kidogo pia, maana chapa ikiwa ndogo sana, mstari mwembamba hujificha."

Kisha Yeremia akampigia Rukaya.

"Kamkato kadogo hivyo, nani atakaona?" Rukaya aliuliza.

"Mama ataona."

"Lebo zimeshachapwa, mdogo wangu. Nikichapa nyingine, gharama itatoka kwenye asali yako."

Fungu lake la asali Yeremia alikuwa amelipangia kununua mavazi ya kurinia, yenye kofia ya wavu. Alikuwa amechoka kujifunga magunia na kuumwa na nyuki kila msimu.

"Itoke, dada Rukaya," alisema. "Chapa upya."

Mwezi wa Agosti, mama na mwana walipanda treni Itigi kwenda Dodoma. Yeremia alikuwa amevimba jicho moja. Nyuki walikuwa wamepata tundu kwenye gunia.

Bandani kwa Rukaya watu walijaa. Chupa zilipangwa mezani, kila moja na chapa ndogo kama kucha. Vijana walifungua tovuti kwenye simu zao, nayo ikafunguka mara moja. Kwenye ukurasa alikuwamo Martina akirina asali, uso wake mzima, bila kipande hata kimoja.

"Hii ni asali ya nani?" mnunuzi mmoja aliuliza.

"Ya Mitundu!" Rukaya alijibu kwa sauti. "Mwenyewe yule pale!"

Martina hakusikia. Alikuwa amesimama mbele ya skrini kubwa. Pinde mbili za mumewe zilipanda juu kumpita kichwa, kali kama zilizochomwa asubuhi ile. Chini ya mstari wa katikati palikuwa na mkato, mrefu kama mkono wa mtu.

Martina alinyoosha mkono wake, akaulaza juu ya mkato. Mkono na mkato ikalingana.

Aligeuka, akamtazama mwanawe jicho lile lililovimba.

"Linauma?"

"Haliumi, mama," alisema Yeremia, huku machozi yakitoka kwenye macho yote mawili.