Mishale Iliyotazama Chini

Haya ninayoandika ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza hadi nukta ya mwisho. Naapa kwa goti langu la kushoto, ambalo ndilo pekee madaktari hawajalibadilisha. Anayedhani natia chumvi na aende pale chuo cha jamii, ghorofa ya pili, akaulize.

Ilikuwa mwisho wa Agosti hapa mjini Pueblo, pilipili zinachomwa kila kona, moshi umetanda hadi ndege wanaopita juu wanapiga chafya. Ndani ya duka la vitabu la chuo watu walikuwa wamebanana, wanakanyagana vidole, na kwenye rafu ya hesabu kilibaki kitabu kimoja tu cha mtumba: Aljebra ya Mwanzo. Mikono miwili ikakishika kwa pamoja.

Mmoja ulikuwa wa Marisela Archuleta, mkunja mashuka wa hospitali. Siku hiyo alivaa gauni la njano na buti za ngozi, nywele kazibana juu kwa kalamu ya risasi. Wa pili ulikuwa wa Delmar Prewitt, fundi wa matairi, mabega mapana, fulana nyeupe safi, ila weusi wa mpira ulikuwa umegoma kutoka kwenye kucha.

"Kaka, achia."

"Achia wewe, dada. Mimi nimekishika kwanza."

"Wewe umeshika jalada. Mimi nimeshika kurasa. Mwenye kurasa ndiye mwenye kitabu."

"Sheria hiyo imetoka wapi?"

"Imetoka sasa hivi."

Delmar akacheka, lakini hakuachia. "Basi tushirikiane. Leo kwako, kesho kwangu."

"Nitajuaje kama hutatoroka nacho?"

"Chukua namba yangu ya simu."

"Aa! Kumbe! Ulikuja kutafuta kitabu au kutafuta mtu wa kumpa namba?"

"Nilikuja kutafuta kitabu," Delmar akasema. "Kwa sasa sikumbuki cha nini."

Basi wakawa wanakaa meza moja darasani kwa Bi Odegaard, kitabu katikati, viwiko vinagusana. Kabla majani hayajaanza kuanguka, walikuwa wanaitana mpenzi.

Lakini Marisela hakuja chuoni kutafuta mpenzi. Alitaka kuwa muuguzi. Mara mbili aliwahi kuanza aljebra na mara mbili akaikimbia. Safari hii shule ya uuguzi ilikuwa imemwekea nafasi, kwa sharti moja: afaulu somo hili muhula huu. Akianguka, nafasi inakwenda kwa mwingine, naye anarudi kwenye mashuka hadi uzee.

Tatizo ni kwamba hakuwa anaelewa kitu. Delmar naye hakuwa anaelewa kitu. Na kila mmoja aliona haya kumwambia mwenzake. Ukiwaona darasani, Bi Odegaard akiandika ubaoni, wote wawili wanatikisa kichwa kwa busara kama majaji.

"Umeelewa, mpenzi?" Marisela anauliza.

"Mbona rahisi! Wewe je?"

"Mimi? Nilikuwa nimeshaelewa tangu jana."

Hapo ndipo wasiwasi ulipoingia. Jumanne jioni Delmar alikuwa hapatikani. Simu inaita, inaita, inakata. Akipatikana kesho yake, shati linanukia mdalasini, asali na njugu zilizookwa.

"Njoo hapa," Marisela akamwambia siku moja kwenye maegesho, akamshika ukosi na kunusa. "Nani kakuokea mkate?"

"Mkate gani?"

"Delmar, mimi nafanya kazi na mashuka ya watu elfu. Nikinusa kitambaa najua kililala wapi. Hii ni potica, mkate wa njugu. Tena ya nyumbani, si ya dukani. Nani anakuokea potica?"

"Ah, kuna mteja kazini, mtu mzima, alileta..."

"Mtu mzima. Ana nywele za rangi gani huyo mtu mzima?"

"Hana nywele!"

"Mwongo mkubwa wewe."

Alhamisi ikawa zamu ya Delmar kuteseka. Alipiga simu akiwa amesimama nje ya dirisha la chumba cha kufulia cha hospitali.

"Haloo, laazizi. Uko wapi?"

"Niko kazini, mpenzi. Nakunja mashuka hadi mikono inauma."

Delmar akatazama ndani. Taa zimezimwa, hakuna hata soksi. "Pole, kipenzi," akasema. "Kunja taratibu."

Kesho yake aliona chembe ya njugu kwenye sweta la Marisela, chini kidogo ya kola, akaiangalia kipindi kizima kama polisi anavyoangalia nyayo. Hakuuliza. Alinyamaza, na ukimya wake ukamthibitishia Marisela kuwa mwanamume ana lake jambo.

Sasa nawaambia ninyi walichokuwa hawajui wao. Mtaani Bessemer anaishi mzee mmoja aitwaye Frenk, mwendesha kreni mstaafu wa kiwanda cha chuma. Ni mzee mwenye akili nyingi sana, hajasoma shule ya maana lakini amejifunza mwenyewe juu ya kreni, na sura yake, kusema haki, bado inavutia. Gari lake linatengenezwa na Delmar. Babu yake Marisela alifanya kazi naye. Delmar alikwenda kwake Jumanne, akamwomba, "Mzee, nifundishe, lakini Marisela asijue." Marisela alikwenda Alhamisi, akamwomba, "Babu Frenk, nifundishe, lakini Delmar asijue." Mzee akawakubalia wote, akawakatia potica, akafunga mdomo. Alikuwa anafurahia mno.

Alifundisha kwa njia ya kreni. "Hii alama ya kutoa ni kistari kidogo, kinapotea," aliwaambia. "Wewe chora mshale unaotazama chini. Aliyeko chini akikuonyesha mkono hivi, unashusha. Sasa mshale ukisimama mbele ya mabano, mabano ni sanduku, umeelewa? Ukishusha sanduku, vyote vilivyomo vinashuka. Chora mishale kwa kila kitu."

"Hata kile ambacho tayari kina mshale?" Marisela aliwahi kuuliza.

"Hicho ndicho kinashuka zaidi!" mzee akajibu, bila kupepesa macho.

Mtihani wa katikati ya muhula ukafika. Siku ya kurudisha karatasi, Bi Odegaard aligawa za wengine wote, akabakiza mbili mkononi. Alikuwa mwanamke mrefu, sweta la kijivu limefungwa hadi shingoni, na macho yanayoweza kuona kikokotoo kupitia mfuko wa suruali.

"Bi Archuleta. Bwana Prewitt. Ofisini."

Akaziweka karatasi mezani. Swali lilikuwa 12 − 3(x − 4) = 6. Kwenye karatasi zote mbili mishale ilikuwa inamiminika kama mvua, na mwisho wake zote mbili zilisema x ni mbili, yenye mshale unaotazama chini.

"Jibu ni sita," akasema Bi Odegaard. "Kukosea si kosa, nusu ya darasa wamekosea. Lakini miaka yote niliyofundisha sijawahi kuona mtu akichora mishale. Leo nimeona wawili, meza moja. Mmoja kaibia kwa mwenzake. Sheria ni karatasi zote mbili sifuri, na mkiangukia hapo, muhula umekwisha."

Marisela aliiona nafasi yake ya uuguzi ikitoka mlangoni, imevaa koti. Akamgeukia Delmar polepole.

"Umeniibia."

"Mimi? Wewe ndiye umeniibia!"

"Mishale ni yangu!"

"Ya kwako tangu lini? Mimi nachora mishale tangu Septemba!"

"Mimi pia tangu Septemba! Basi tangu hapo umekuwa unachungulia. Kumbe ndiyo maana ulining'ang'ania na kitabu. Uliniona mjinga wa kunyonya."

"Na wewe ulipokuwa unakunja mashuka gizani, ulikuwa unakunja na nani?"

"Unasema nini?"

"Nilisimama dirishani, Marisela! Hakukuwa na mtu!"

"Unanifuata? Wewe mwenye kuokewa mikate?"

"Nyamazeni," akasema Bi Odegaard.

Marisela alikuwa analia kwa hasira, machozi yanafika kidevuni hayafutwi. Delmar alikuwa anazitazama kucha zake. Mwalimu yule, ambaye kazi yake nusu ni hesabu na nusu ni kushuku watu, aliwaangalia kwa muda. Kitu hakikukaa sawa. Mwizi wa mtihani huwa anajitetea kwa mwalimu. Hawa walimsahau kabisa.

Akachukua karatasi mpya mbili, akaandika swali moja kwenye zote: 20 − 5(x − 2) = 10. Akamwacha Marisela ofisini. Akampeleka Delmar chumba cha mwisho wa korido, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti katikati ya korido kama mlinzi wa benki.

Aliporudi nazo, aliziweka tena pamoja. Mishale. Kila mahali mishale. Na jibu kwenye zote mbili: sifuri.

"Jibu ni nne," akasema Bi Odegaard, na kwa mara ya kwanza muhula ule mdomo wake ukapinda kidogo upande mmoja. "Mmekosea wote, kosa lilelile, ukuta na ukuta katikati yenu. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Mna mwalimu mwingine, na ni mbaya kupita kiasi. Nani?"

Marisela alimwona babu Frenk akiaibishwa kwa sababu yake. Akaiona na nafasi yake mlangoni, mkono kwenye kitasa.

"Babu Frenk," akasema.

"Mzee Frenk," akasema Delmar, wakati uleule.

Wakatazamana.

"Frenk yupi?" Marisela akauliza.

"Wa Bessemer. Mwenye kreni. Hana nywele."

"Jumanne?"

"Jumanne. Wewe Alhamisi?"

"Alhamisi." Marisela akajifuta uso kwa mkono wa sweta. "Kwa nini hukuniambia huelewi?"

"Ulisema umeelewa tangu jana! Ningesema nini? Niliona nikijulikana bichwa gumu, utatafuta mwanafunzi mwenzako wa uuguzi."

"Mjinga wewe. Mimi sijaelewa hata ukurasa wa kwanza."

"Hata mimi," Delmar akasema kwa sauti ya chini. "Ukurasa wa kwanza ndio mbaya kuliko yote."

Bi Odegaard akasafisha koo, akawaambia wafike kesho mapema, wataanza na ukurasa wa kwanza, na marufuku kuchora kitu chochote chenye ncha. Akawapa nafasi ya kurudia mtihani.

Mzee Frenk aliposikia yaliyowapata vijana wake, hakusubiri kuitwa. Alivaa suti yake ya harusi, akapiga moyo konde, akatembea mwenyewe hadi chuoni kifua mbele, akamwambia yule mwalimu, "Mama, lawama zote ni zangu." Na Marisela alipofaulu mtihani wa mwisho na shule ya uuguzi ikampokea, Delmar alipiga goti kwenye theluji mbele ya jengo zima la chuo, bata bukini mia tano wakapita juu wamejipanga kwa umbo la moyo, naye akasema kwa sauti iliyosikika hadi kiwandani, "Marisela, nikuoe..."

Nilikuwa nimefika hapo. Nilikuwa nawasomea kwa sauti, mkahawani, mbele ya wazee wenzangu wa kiwandani, kila mtu na baga yake imezama kwenye mchuzi wa pilipili, wanasikiliza midomo wazi. Nikahisi mkono begani. Marisela, amevaa sare ya wanafunzi wa uuguzi, na nyuma yake Delmar, mikono mifukoni.

"Endelea, babu Frenk," akasema. "Huyo mzee mwenye sura inayovutia alitembea mwenyewe, sivyo?"

"Ni kama alitembea mwenyewe," nikasema.

"Nilimtoa chini ya gari lake!" akawaambia wote. "Nilimvuta miguu! Suti gani? Alikuwa na ovaroli, na mafuta usoni, na njia nzima anasema ana homa!"

Wazee wakaanza kugonga meza kwa vijiko.

"Na goti?" Delmar akauliza. "Mzee, mimi nilipiga goti wapi?"

"Ni mapambo tu, kijana..."

"Hakupiga goti," Marisela akasema. Sauti yake ikapoa, na vijiko navyo vikatulia. "Tulikuwa koridoni, kwenye mashine ya soda. Nilikuwa nimetoka kuona matokeo. Mashine imemmezea sarafu, anaipiga teke, anaitukana. Nikamwangalia nikasema, Delmar, sitaki tena kujua uko wapi kwa kunusa shati. Nioe, nijue tu. Mimi ndiye nilimwomba."

"Ukasemaje?" mzee mmoja akamuuliza Delmar.

Delmar akainua mabega. Uso ulikuwa umemwiva hadi masikioni. "Nikamuuliza, umeelewa unachosema? Akasema hapana. Nikasema, hata mimi. Twende."

Nilijaribu kugeuza ukurasa polepole, kama mtu ambaye hadithi yake bado inaendelea.

"Frenk," mhudumu akaita kutoka jikoni, "meza nzima wanasema unalipa wewe."

"Na hawa wawili waliosimama," wakasema wazee.

"Na hawa wawili," nikasema, nikatoa pochi. Marisela akavuta kiti, akakaa, akaagiza baga kubwa kuliko zote, kisha akamwagizia na Delmar.