Kitambaa Kwenye Msumari wa Mama Sitta

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto watatu, naishi hapa Ifakara. Jicho langu la kushoto halioni... Msinililie kwanza, sikilizeni!

Dhehebu letu ni dogo. Sisi wanawake tunatambulika kwa kitambaa cheupe cha kichwani, tunachovishwa siku ya ubatizo. Tivii kwetu ni marufuku. Mume wangu, mzee wa kanisa, aliiita madhabahu ya shetani.

Jirani yetu Mama Sitta, Msukuma mcheshi kweli, alikuwa nayo. Mume wangu akienda shamba la mpunga, nilikwenda kuangalia tamthilia na rafiki yangu Mama Debora, muumini mwenzangu. Mlangoni tulivua vitambaa, tukavitundika kwenye msumari. Tulijidanganya kwamba ukiwa kichwa wazi, aliyekaa pale si dada wa kanisani!

Mama Sitta alitucheka. "Kwani Mungu anawajua kwa nguo, nyie?"

Raha ile, jamani! Wanawake wa kwenye tamthilia waliwajibu waume zao... na mimi nikaanza kujibu. Nilikataa kufunga nikiwa nanyonyesha. Nilipigwa kofi, nikanyamaza, nikasema ndiyo mafundisho ya ndoa.

Alasiri moja mume wangu alirudi mapema. Akiwa njiani akasikia kicheko changu. Akaingia na mpini wa jembe!

Mama Debora aliruka, akanyakua kitambaa chake, akajifunga, akapiga magoti. "Bwana asifiwe, mzee! Nimekuja kumuombea huyu dada aache tivii!"

Mpini ulianza na tivii, vioo vikaruka kila mahali. Ukahamia mgongoni kwangu, kisha mkononi, nikasikia mfupa ukivunjika. Mama Sitta alimrukia, akabamizwa ukutani. Nikainua uso nimsihi... pigo likatua jichoni. Damu ilinijaa mdomoni, na Mama Debora bado anaomba kwa sauti!

Mama Sitta ndiye aliyenifikisha hospitali, kisha polisi. Mume wangu yuko gerezani. Na kanisa lilimtenga nani? Mimi! Mama Debora ndiye aliyetoa ushuhuda dhidi yangu mbele ya wazee wa kanisa.

Dada zangu, tivii haikunitoa jicho. Nililiachia siku ile niliponyamazia kofi la kwanza. Nawaomba, likija la kwanza, beba wanao uondoke, hata kama anayepiga ameshika Biblia!

Mama Sitta alinunua tivii nyingine. Jioni naenda, nakaa karibu kabisa ili nione vizuri. Msumari bado upo pale mlangoni. Kitambaa changu kipo kichwani, na sikivui tena kwa ajili ya mtu.