Ngoma Kifuani mwa Rusko

"Mimi napiga ngoma Ijumaa hadi Jumapili, mikono hii haijui kuchoka!" Zapryan alijigamba, ngoma yake kubwa mgongoni, wakikatiza kilele cha milima ya Rodopi kwenda kutumbuiza harusini.

"Mdomo wako ndio haujui," alimjibu Nedelya, mwimbaji wao. Kaka yake Nedelya, Rusko, mpuliza zumari ya kiriba, alikuwa mbele akicheka.

Mara mbingu ikapasuka. Mwanga mweupe, kishindo, harufu ya nywele zilizoungua. Zapryan alipofumbua macho, Rusko alikuwa chali majanini, viatu vikifuka moshi. Hapumui. Akatega sikio kifuani. Kimya.

Nedelya alishapiga simu. "Waokoaji wanapanda. Mkandamize kifua! Si ulifundishwa ulipotafuta leseni ya udereva?"

"Nilisinzia, dada!"

"Basi amka!"

Zapryan akaweka viganja katikati ya kifua, akasukuma. Mvua ya mawe ilimchapa kisogo. Bila kujijua, mikono ikaangukia mdundo wake wa harusini: mfupi, mfupi, mreeefu.

"Unamchezesha nani?" Nedelya alifoka, akimpulizia kaka yake pumzi. "Moyo hauchechemei! Nyoosha mdundo. Na usimlalie! Ukisukuma, damu inatoka, ukiachia, inarudi. Moyo mtupu utasukuma nini?"

Kandamiza, achia. Kandamiza, achia. Ubavu ukalia kah! Zapryan akafumba macho, akaendelea. Midomo ya Rusko, iliyokuwa ya buluu, ikaanza kupata rangi. Lakini kabla ya muda wa hata wimbo mmoja wa harusi kwisha, mabega yakawaka moto, viwiko vikalegea, na bingwa wa siku tatu akaangukia pembeni, akaitapikia ngoma yake.

"Sogea huko!" Nedelya akashika zamu. Kisha Zapryan tena. Kisha Nedelya. Hadi Rusko akakohoa.

Zapryan akarudisha sikio kifuani. Du-dum. Mdundo dhaifu, lakini umenyooka. Akalia kama mtoto, na mpaka waokoaji walipotokea na machela alikuwa bado analia.

Jumapili, wodini, alikuwa ameketi kando ya kitanda cha Rusko, wagonjwa wote wamemgeukia. "Peke yangu, jamani! Mikono hii miwili! Hata jasho halikunitoka!"

"Jasho halikutoka," ikasema sauti mlangoni. Nedelya alikuwa amesimama pale na ngoma ya Zapryan, ngozi ya ngoma ikidondosha maji. "Kilichotoka nimemaliza kukiosha sasa hivi."

Wodi ikaangua kicheko. "Msinichekeshe, mbavu!" Rusko aliguna. "Na wewe Zapryan, niachie mkono. Tangu asubuhi umenishika mshipa wa mapigo."

Zapryan akawageukia tena wagonjwa. Mkono hakuuachia.