Mafua ya Kapteni Gauthier

Delphine alizoea kuamkia nyumba tupu. Mama yake, Kapteni Gauthier, alikuwa rubani wa ndege za kivita katika kambi ya kaskazini mwa Alberta, nchini Kanada, na mara nyingi alitoka kabla hakujapambazuka. Uji ulimngoja kwenye sufuria, umefunikwa vizuri. Theluji ya mlangoni nayo ilikwisha kuzolewa. Jirani yao Meja Pruitt, mkuu wa kikosi, ndiye aliyeizoa kila asubuhi bila kupiga hodi.

Marubani walikuwa wamepungua. Wengi waliacha jeshi wakaenda kurusha ndege za abiria, na waliobaki wakabeba zamu zao.

"Mama yako amehamia mawinguni, eti?" Rosalind, mwanafunzi mwenzake, alimtania shuleni. "Mpelekee godoro!"

Delphine alicheka pamoja na wenzake, kisha akala mkate wake peke yake.

Jumapili moja Mama alishinda nyumbani, pua imeziba, mkono haubanduki sikioni.

"Mama, rubani mwenye mafua anaruhusiwa kuruka?"

"Haruhusiwi. Ndege ikishuka ghafla, sikio lililoziba laweza kupasuka."

"Basi mwambie daktari."

"Atanizuia, na kesho mchana rubani mwenzangu Luc ataruka badala yangu. Mkewe amejifungua juzi tu. Usimwambie mtu, mwanangu."

Asubuhi Mama aliondoka akikohoa. Delphine alisimama mlangoni akimtazama Meja akizoa theluji. Akimwambia Meja, Mama atabaki nyumbani. Jambo hilo alilitamani mno, hata akaona haya. Je, angesema kwa ajili ya Mama, au kwa sababu amechoka kuwa peke yake? Hakujua. Alichojua ni kwamba sikio la Mama linauma.

"Meja, Mama anaumwa. Anaficha."

Meja aliacha koleo palepale, akakimbilia simu.

Mama alirudi saa sita. "Nilikuamini, Delphine," alisema. Walikaa chumba kimoja, kila mtu na ukiwa wake.

Jioni Meja alikuja na bakuli la supu ya njegere.

"Kapteni, usimkasirikie mtoto. Daktari kasema ungeruka leo, sikio lingepasuka. Nami nina kosa. Niliona unavyochoka nikanyamaza, kwa kuwa sikuwa na mwingine. Safari ya leo nimeifuta. Luc yuko kwake, anabadilisha nepi."

"Na upungufu wa marubani je?" Mama aliuliza.

"Hauponi kwa kuwamaliza waliopo. Walioondoka hawakuchoka kuruka, walichoka kukosekana nyumbani. Sasa tutaruka kadiri ya watu tulio nao, nanyi mtapumzika. Makao makuu nitawaambia ukweli, watuletee walimu wafundishe vijana urubani."

Delphine aliinama. "Lakini mimi nilitaka pia Mama abaki nami."

"Si dhambi," Meja alimjibu taratibu. "Ukweli unaomwokoa mtu si usaliti, hata ukikufaa na wewe. Anayeficha ugonjwa ili asaidie wenzake huwaachia mzigo mkubwa zaidi."

Mama alivuta kiti chake hadi kikagusana na cha Delphine.

"Nipakulie supu, mwanangu," alisema. "Na ukae karibu na sikio hili zima, unisimulie habari za shule."