Konzi ya Unga

Kila asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya milima, Sikuzani na mama yake, Riziki, walikuwa wameshafagia sehemu yao ya mchanga katika ufuko wa ziwa pale Rumonge. Mitumbwi ikirudi walipokea vikapu vya ndagala wabichi, samaki wadogo kama dagaa, wakawatandaza juani, wakawageuza na kuwafukuza kunguru mpaka jioni. Ujira wao ulikuwa kikapu kimoja. Baba yake Sikuzani alikuwa amechukuliwa na Wadachi, Wazungu waliotawala wakati ule, kwenda kubeba mizigo ya safari yao, na hakuna aliyejua atarudi lini. Kwa hiyo kikapu kile ndicho kilichowalisha na kuwavika.

Sikuzani alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Ufukoni pale, yeye na mama yake tu ndio waliojifunza dini ya Kikristo kwa mwalimu aliyeshuka kutoka misheni kila Jumapili. Kila mmoja wao alivaa shingoni medali ndogo ya shaba, alama ya mtu anayejiandaa kubatizwa. Kwa sababu ya medali ile iliyoning'inia, watoto wenzake walimpa jina la Kengele. Chausiku, binti wa jirani, hakuchoka kumwuliza, "Kengele, leo unalia saa ngapi?" Sikuzani aliona haya, akaanza kuificha medali ndani ya nguo yake.

Mwaka ule ndagala waliadimika. Siku tisa mfululizo mitumbwi ilirudi mitupu, na njaa ikawafanya watu kuwa wakali. Ntahondi, mwenye mitumbwi na ufuko ule, akawakusanya wote. Desturi ilikuwa hivi: samaki wakikosekana, kila nyumba inayokula kutoka ziwani huleta konzi ya unga wa mtama, kiasi cha kujaa mkono, na kuumwaga majini, ili kuituliza roho ya ziwa. Nyumba moja ikikosa, unga wa wote huhesabiwa kuwa bure.

"Riziki, unga yako iko wapi?" aliuliza Ntahondi.

"Sikuleta, baba. Mimi namwomba Mungu aliyeliumba hili ziwa. Siwezi kumwomba yeye, halafu nigeuke niombe roho ya ziwa."

Makelele yakalipuka. Mwanamke mmoja alitema mate karibu na miguu ya Riziki. "Ni huyu anafukuza samaki, na ile kitu yake ya shingoni!"

"Kesho asubuhi iko mwisho," alisema Ntahondi. "Bila unga, mutoke kwenye mchanga yangu, wewe na mutoto wako."

Nyumbani Sikuzani alimsihi mama yake. "Mama, ni konzi moja tu! Nani atakufa kwa konzi moja?"

"Hata mimi naogopa, mwanangu," Riziki alijibu. "Lakini hawautaki unga. Wanataka niseme kwa mkono wangu kwamba simjui Mungu wangu."

Sikuzani hakuridhika. Asubuhi, mama yake alipokwenda mtoni kuchota maji, yeye alichota konzi ya unga, akakaza nguo yake juu ya medali na kukimbilia ufukoni. "Unga wa nyumba ya Riziki," alisema mbele ya watu wote. "Mama amenituma." Kisha akaumwaga majini. Sitamtetea. Alifanya hivyo kwa woga, na uongo aliusema waziwazi.

Kesho yake mitumbwi ilirudi imejaa! Watu walicheka na kupiga vigelegele. Chausiku alimkumbatia Sikuzani kama dada yake. Riziki, asiyejua lolote, alipiga magoti kando ya vikapu na kumshukuru Mungu kwa kuulainisha moyo wa Ntahondi. Machozi yalimtoka kwa furaha. Sikuzani hakuitikia amina; aliinama akaendelea kutandaza ndagala.

Ntahondi akaja akitabasamu. "Naona umepata akili, Riziki. Unga yako imetuletea samaki."

"Unga gani?" Riziki aliuliza.

"Usitudanganye!" alifoka Ntahondi. "Si ulimutuma mutoto wako? Ama wewe ni muongo?"

Riziki alimtazama binti yake. Sikuzani aliona kwamba akinyamaza sasa, mama yake ataitwa mwongo kwa kosa ambalo si lake. Akaingiza mkono ndani ya nguo, akaitoa medali na kuiacha ining'inie mbele ya macho yote.

"Mama hakunituma," alisema. "Niliiba unga wake na kumsingizia, kwa sababu niliwaogopa ninyi. Mimi pia namwamini Mungu wake. Sitamwaga unga tena."

Ntahondi alikipiga teke kikapu chao, ndagala wakatapakaa. "Mutoke! Muchukue hizo zenu, zikaoze huko mbele! Mchanga yangu musikanyage tena!"

Hakuna aliyewasaidia kuokota. Chausiku aligeuza uso. Mama na binti waliwasuuza wale ndagala ziwani, wakapanda nao mlimani, wakawatandaza juu ya mawe makubwa kando ya njia kwa sababu hawakuwa na mahali pengine. Njiani Sikuzani alilia na kuomba msamaha. Mama yake alimsamehe, kisha akampa kazi ya kufukuza kunguru.

Siku ya tatu alipita Hadji, mchuuzi Mwislamu kutoka Ujiji. Aliokota ndagala mmoja, akatafuna, akasimama. "Mama, hizi hazina mchanga! Za kule chini zinanimaliza meno." Aliwanunua ndagala wote, akateremka moja kwa moja kwa Ntahondi. "Sala yangu na sala yao si moja," alimwambia, "lakini nataka ndagala za kukaushwa kwenye mawe, na wale ndio wanajua."

Ntahondi hakutaka kumkosa mnunuzi. Alikubali kuwapa vikapu tena. "Lakini mukaushie huko huko juu," alinguruma, "na hicho kishaba chenu kisinisogelee."

"Mama, Mungu ametulipa!" alisema Sikuzani.

"Usiseme hivyo," alijibu Riziki. "Ulimwaga unga, samaki wakaja. Je, unga ndio uliowaleta? Hapana. Basi hata hawa ndagala wangeoza juu ya mawe, na Hadji asingepita, Mungu angekuwa yuleyule, nami ningemtegemea nikiwa na njaa. Mtegemee hivyo, mwanangu, na usione haya kumtaja. Mimi niliona fahari siku ile uliposimama ukasema kweli, na siku ile hatukuwa na kitu."

Kesho yake Sikuzani alishuka kuchukua vikapu. "Kengele," Chausiku aliita, wenzake wakicheka, "leo unalia saa ngapi?"

"Sasa hivi," alijibu Sikuzani. Akajitwika kikapu kichwani na kupita mbele ya Ntahondi, medali ikiwa nje ya nguo.